Kadi ya Kula na Watu

Shemeji yangu Anverali ana adabu kupita kiasi, na nalisema hili bila nia ya kumsifu. Ukimkuta mlangoni mwa msikiti wetu wa Bathurst, kaskazini ya Toronto, atakushikia mlango upite. Ukimwambia apite yeye, atakataa. Ukisisitiza, atakataa tena, na baridi ya Februari itawaingia waumini wote waliomo ndani huku nyinyi wawili mnabishana nani atangulie. Mimi hasira zangu ziko karibu. Huwa namwambia, "Shemeji, pita au nikupite," kisha nampita kweli. Yeye hucheka. Au tuseme alikuwa akicheka, maana tangu apasuliwe mdomo hacheki mbele za watu.

Ili umwelewe lazima uijue nyumba aliyolelewa. Sisi ni Makhoja wa Tanga, tuliohamia Kanada watoto wetu wakiwa bado wanabebwa. Baba yake alikuwa na duka la spea za magari, na kwao kulisifika kwa jambo moja: mgeni haondoki na njaa. Lakini mgeni naye alikuwa na kazi yake. Ukikaribishwa chakula, sharti ukatae. "Nimeshiba, wallahi, nimetoka kula sasa hivi." Mwenye nyumba hakuamini, wala hukutegemea akuamini. Alikukaribisha tena, ukakataa tena, safari hii kwa sauti ya chini. Mara ya tatu ndipo ulipovua viatu na kunawa. Mzee yule alikuwa akisema kwamba "hapana" ya kwanza ni adabu, ya pili ni haya, na ya tatu ndiyo jibu. Anverali alikuwa bingwa wa mchezo huo, pande zote mbili. Kwenye sinia la niazi, chakula cha sadaka msikitini, wali unapomiminwa na watu wanne wanakaa kulizunguka, yeye ndiye aliyekuwa akisukuma minofu yote upande wa wenzake hadi kwake kunabaki mifupa na viazi.

Kilichomponza ni popoo. Tangu ujanani shavu lake la kulia halikuwa tupu. Asubuhi tambuu, mchana popoo kavu, jioni tambuu tena, na chokaa yake na katu yake. Hata Toronto alizipata, maana hakuna uraibu usio na duka. Dada yangu Masoomah, mkewe, alimsihi. Mimi nilimfokea. Mwanawe Rameez alimtumia picha za kutisha kwenye simu. Yeye alitabasamu kwa meno mekundu na kusema kwamba marehemu babu yake alitafuna mpaka uzeeni. Kisha kikatokea kidonda ubavuni mwa ulimi, kikakataa kupona, na daktari akakiita kwa jina lake: saratani.

Walimkata nusu ya ulimi. Halafu madaktari wa upasuaji wa kuunda upya viungo wakachuna ngozi ya mkono wake wa kushoto, pamoja na mishipa yake ya damu, wakamshonea nusu nyingine. Na mkononi palipobaki uchi wakapafunika kwa ngozi ya pajani. Kazi ya ajabu, mimi siibezi hata kidogo. Miezi michache baadaye ule ulimi mpya ukaota vinyweleo, kwa kuwa ngozi ya mkono haijui kwamba imehama. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Masoomah hakucheka.

Hakucheka kwa sababu alikuwa akiyaona ambayo mimi sikuyaona. Ulimi ule hauna hisia. Chakula kikiukalia, mwenyewe hajui. Wali unabaki shavuni, mchuzi unashuka kidevuni, mate yanatoka bila kuaga, na tonge lazima lisukumwe kwa kidole ndipo limezwe kwa maji, kwa sauti ambayo chumba kizima huisikia. Mara ya kwanza alipojaribu kula msikitini, punje zilimtoka zikaangukia katikati ya sinia. Hakuna aliyesema neno. Watu wetu hawasemi. Waliendelea kula kwa upande wao, polepole kidogo, na yeye akasema ameshiba akaondoka. Tangu siku hiyo akikaribishwa husema, "Nimeshiba." Mwanzoni watu walimkaribisha mara ya pili na ya tatu. Siku hizi wanamkaribisha mara moja.

Nyumbani alihamia chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia. Anachukua sahani yake, anafunga mlango, anawasha mashine ya kufulia, na kelele zake zinafunika kelele za mdomo wake. Masoomah anakula juu peke yake, kwenye meza ya watu sita, akiisikiliza mashine inayozunguka bila nguo hata moja ndani yake.

Siku moja kliniki, dada yangu aliona tangazo ukutani. Madaktari wa upasuaji huo walikuwa wanawauliza wagonjwa, jamaa zao na wauguzi: tufanyie utafiti jambo gani kwanza? Maana fedha za utafiti hazitoshi na mambo ni mengi, na kwa miaka yote waliochagua walikuwa wataalamu peke yao. Sasa kila mtu alete swali lake. Maswali yangechujwa, yaliyobaki yangeandikwa kwenye kadi, kisha wangekutana siku moja, wagonjwa na madaktari meza moja, wayapange mpaka yapatikane kumi ya juu. Hayo kumi ndiyo yangefuatwa kwanza.

Masoomah akapiga simu. Dada yangu huyu, ambaye hata pizza hawezi kuagiza bila kumpa Rameez simu, akamwambia mtu asiyemjua kwa Kiingereza chake cha sokoni: mtu aliyeundiwa ulimi au taya, ni kitu gani kitamsaidia ale tena pamoja na watu? Swali likapita mchujo wa kwanza, likapita na wa pili. Waandaaji wakapiga simu wakitaka mgonjwa mmoja wa aina hiyo aje kwenye mkutano, na mgonjwa akawa Anverali.

"Mimi siwezi kusema mbele za watu," alimwambia mkewe.

"Sikuambii uhutubie. Ishike kadi tu isishuke. Hiyo ni kadi yangu, Baba Rameez. Nataka kula na mume wangu."

Alivaa suti. Alikunja leso tatu mfukoni, akachukua chupa ndogo ya uji kwenye mkoba, akapanda basi la Bathurst mpaka stesheni ya Finch, na kutoka hapo treni ya chini ya ardhi mpaka mjini, kwenye ukumbi mmoja ulio karibu na mahospitali. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya sentensi moja midomo ikiwa imefumbwa.

Waligawanywa makundi, na mezani kwao walikuwa watu kama wanane. Msimamizi, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Madaktari wawili, muuguzi, na mama wa mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Palikuwa na mwanamke Mkongo mwenye kitambaa kilichofungwa mpaka kidevuni, kadi yake ya jina ikisema Libérata. Na kando ya Anverali alikaa mzee wa Kizungu aitwaye Duncan, ambaye vidole vyake vilikatwa na mashine kiwandani vikaunganishwa tena. Duncan alikuwa mtu mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii, hakuna hata mmoja ninayeweza kumchukia.

Walizipanga kadi asubuhi nzima, hii juu, ile chini, kwa upole mwingi. Hatimaye ikabaki nafasi moja katika safu ya juu, na kadi mbili zikiitaka. Moja ilikuwa ya Duncan: vidole vilivyounganishwa, mazoezi yaanze lini ili mtu arudi kazini? Ya pili ilikuwa ya Masoomah. Duncan alieleza yake kwa maneno machache. Alisema alikuwa seremala, na sasa hawezi kushika msumari. Halafu msimamizi akamgeukia shemeji yangu.

"Na wewe, Anverali? Kadi hii inakuhusu wewe zaidi."

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu nikifika hapa damu hunichemka. Kadi ilikuwa mkononi mwake. Sentensi ilikuwa kinywani. Lakini alimwangalia yule seremala na vidole vyake vilivyopinda, na likamwingia wazo ambalo amelala nalo tangu siku ya kupasuliwa: huyu alikatwa akiwa kazini anawatafutia wanawe riziki, mimi saratani yangu niliitafuna mwenyewe, kwa raha zangu, nikikatazwa. Aibu ikampanda. Na aibu ikishampanda mtu wa Tanga, hukimbilia kwenye adabu.

"Yake itangulie," akasema.

Duncan akashtuka. "Una hakika?"

Sasa, kwetu sisi, "una hakika?" ndiyo kwanza mazungumzo yanaanza. Ni kukaribishwa mara ya pili. Lazima ukatae.

"Nina hakika," akasema Anverali. "Yangu inaweza kungoja."

Na akangoja. Alikaa na kadi mkononi akingoja mara ya tatu, ambapo Duncan angesema hapana, haiwezekani, swali lako ni zito, na daktari angeunga mkono, na msimamizi naye, na yeye angeinamisha kichwa na kukubali kwa shingo upande, heshima za watu wote zikiwa salama.

"Ahsante sana," akasema Duncan, na macho yake yalikuwa na machozi kweli. "Una roho nzuri."

Msimamizi akanyoosha mkono, akaichukua kadi ya dada yangu kutoka vidoleni mwa shemeji kwa upole, akaiweka safu ya chini. Wakapongezana kwa kuelewana haraka.

Mkanada amelelewa kuamini maneno ya mtu. Ukimwambia hapana, ni hapana. Akikusukuma zaidi ataona amekuvunjia heshima. Shemeji yangu ameishi nchi hii miaka kwa miaka, amefanya kazi ghalani nao, amepanda lifti nao, analijua jambo hilo vizuri kuliko mimi. Lakini mwili una akili yake. Alisema alihisi ameteleza kwenye barafu: unajua unaanguka, na bado unapata muda wa kufikiri kabla hujafika chini.

Yule Mkongo alimtazama mara moja tu, kisha akatazama meza.

Mchana kulikuwa na mikate iliyojazwa vitu na supu ya dengu. Muuguzi alimkaribisha Anverali, mara moja. "Nimeshiba," akajibu, akachukua mkoba wake akatafuta mahali. Vyooni palikuwa na watu. Akasukuma mlango mzito wa ngazi za dharura, akiamini hakuna anayepita huko.

Libérata alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameupa mlango mgongo, kitambaa amekishusha, sahani mapajani. Alikuwa akivunja mkate vipande vidogo na kuviingiza kwa kidole upande mmoja wa mdomo. Taya lake la chini upande wa pili lilikuwa limeundwa kwa mfupa wa mguu. Supu ilikuwa imemshuka mpaka shingoni.

"Astaghfirullah. Samahani, mama," akasema Anverali, kwa Kiswahili, kwa kuwa fadhaa haina muda wa kutafuta lugha.

Mwanamke akavuta kitambaa haraka. Kisha akageuka. "Kumbe papa unajua Kiswahili? Karibu, ikala hapa. Kuko nafasi."

"Ahsante, nimeshiba."

Libérata akaitazama ile chupa ya uji iliyokuwa tayari imefunguliwa mkononi mwake. "Na hiyo termosi ni ya nini?"

Akakaa. Ilimbidi akae. Walikaa ngazi moja wameachana kidogo, kila mtu akitazama ukuta wake, na kwa muda zilisikika sauti zao mbili za kumeza tu. Alikuwa ametoka Uvira, alisema, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kila siku anawalisha wazee ambao chakula kinawatoka, anawafuta midomo, na hajawahi kuona kinyaa.

"Ila huu mdomo yangu mimi mwenyewe siuwezi," akasema. "Kwa kanisa, siku ya fete, ya karamu, mi nakaa jikoni. Nasema nahudumia. Batu banasema, mama Libérata ana roho ya kazi sana." "Papa, naweza kukuuliza?"

"Uliza, mama."

"Asubuhi nilikuwa nakungoja weye. Kingereza yangu ni kidogo, nilisema, huyu papa amevaa costume, ataongea. Ile karti ilikuwa ya sisi wote. Juu ya nini uliitoa?"

Baadaye nilimuuliza alimjibu nini, na yeye akaniuliza: angemwambia nini? Kwamba alikuwa anangoja kuombwa mara ya tatu? Maisha yake yote aliamini kwamba kupisha ni kutoa kilicho chako. Hakuwahi kufikiri kwamba unaweza kumpisha mtu kwa miguu ya wengine. Alijiona mwizi. Ndilo neno alilolitumia, na mimi sikumpunguzia.

"Samahani, mama," akasema tena.

"Mchana bado kuko," akasema Libérata, akajifunga kitambaa.

Baada ya chakula makundi yote yakakusanyika kwenye meza moja ndefu, kadi zimepangwa kutoka juu mpaka chini. Msimamizi akauliza kama kuna anayetaka kuipandisha kadi yoyote. Libérata akanyoosha mkono. Kiingereza chake kilichanganyika na Kifaransa, kitambaa kikimteleza mdomoni, lakini alisema: ile kadi ya kula na watu imewekwa chini mno, kula si jambo dogo.

Daktari mmoja wa meza yao akajibu kwa haki kabisa. Alisema anaheshimu maoni hayo, ila katika kundi lao yule bwana ambaye swali linamhusu zaidi aliona linaweza kungoja.

Vichwa vyote vikageuka.

"Anverali," akasema msimamizi, "ungependa kuongeza neno?"

Ndiyo hiyo, mara ya tatu. Imekuja imechelewa, lakini imekuja, na imeletwa na watu wasiojua hata kuhesabu hizo mara. Alisimama nusu. Mdomo ukamjaa mate. Alikuwa ametoka kunywa uji na hakujua kama upo kidevuni au haupo, kwa sababu hapo hana hisia ya kumwambia. Aliona madaktari wakimngoja kwa nyuso za wema. Aliona kwamba akifumbua mdomo, sentensi ile itatoka na mate yake, na yataangukia kadi. Akatoa leso, akajifuta, akaishikilia leso pale pale mdomoni. Akainamisha kichwa kuitikia.

"Ahsante," akasema msimamizi, akidhani ameshukuru na hana la kuongeza.

Akaketi. Libérata hakumwangalia.

Waliitendea haki, walipiga kura kwa usawa, na kadi ilipanda kidogo kwa sababu ya maneno ya yule mwanamke. Haikuingia kumi. Msimamizi alieleza kwamba maswali yaliyobaki hayatatupwa, yataandikwa kwenye ripoti. Watu wakavaa makoti. Duncan alimpa mkono, ule wa vidole vilivyopinda, na akamshukuru mara nyingine. Libérata alipompita mlangoni alisema, "Kwa heri, papa, safari njema," kwa heshima zote, na heshima ile ilimchoma kuliko kama angemtukana.

Masoomah alikuwa amepika. Dada yangu hapiki kuku paka siku ya kazi, lakini siku hiyo alipika, nazi nzito, viazi vimezama, mayai juu, na wali mweupe laini wenye maji kidogo zaidi ili uteleze. Aliweka sahani mbili mezani. Zilikuwa hazijakaa mbili pale tangu apasuliwe.

"Imepita?" akamuuliza hata kabla hajavua viatu.

Akamweleza. Alieleza yote akiwa amesimama na koti lake, theluji ikimyeyukia mabegani. Dada yangu hakuhitaji kufafanuliwa, naye amelelewa mtaa ule ule.

"Ulimpisha?"

"Nilimpisha."

"Naye akapita?"

"Akapita."

Masoomah akacheka mara moja, kicheko kifupi, kisha kikamwishia. "Na mchana walipokuuliza?"

"Nilishika leso."

"Na yule mama?"

"Yeye alisema. Mimi nilishika leso."

Dada yangu alinisimulia kwamba aliwaza maneno mengi, na kwamba mengine ni yale ambayo angeyapata kwangu. Hakuyasema. Alisema, "Ilikuwa kadi yangu, Baba Rameez." Halafu akavuta kiti. "Karibu chakula."

Shemeji yangu aliiona ile sahani ya pili, aliona nazi iliyoganda ukingoni. Tumbo lilikuwa tupu. Ule uji hata hakuumaliza. Na bado neno likatoka lenyewe.

"Nimeshiba."

Masoomah akamwangalia.

"Haya," akasema. "Ahsante."

Akainua sahani ya mumewe. Akaurudisha wali sufuriani kijiko kwa kijiko, akafunika kuku, akaisuuza sahani iliyokuwa safi, akaiweka kabatini. Hakupiga kitu kwa kishindo, hakusema "hata kidogo", hakusema "onja tu". Akakaa mahali pake, akavuta sahani yake moja, akasema bismillah na kuanza kula.

Anverali alisimama pale. Anasema katika umri wake wote hajawahi kuachwa na "hapana" yake namna hiyo, na nyumbani kwake mwenyewe. Akateremka chini. Masoomah alisikia mlango wa chumba cha kufulia ukifunguka, akangoja mashine iwake. Haikuwaka. Nyumba ilikuwa kimya, na yeye anatafuna. Halafu akasikia hatua zikipanda polepole.

Alikuja mpaka kwenye meza. Bado alikuwa na koti. Masikio yamemwiva kwa haya.

"Nina njaa," akasema.

Dada yangu hakusema karibu. Alinyanyuka akaitoa sahani kabatini, akampakulia.

Alikula. Wali ukamtoka ukamwangukia suti, mchuzi ukamshuka, alisukuma tonge kwa kidole, akameza kwa maji na kwa ile sauti yake. Hakuinua macho hata mara moja. Kila tonge alisema samahani, mpaka Masoomah akamwambia asiseme tena, maana akisema ndipo wali unapomtoka zaidi. Akala mpaka sahani ikaisha, kisha akafunika uso kwa leso na kukaa hivyo.

Nilimuuliza dada yangu kwenye simu kama walau aligeuza uso, amsitiri mwenzake. Mimi ningegeuza.

"Nigeuze uso kwa nini?" akanijibu kwa ukali. "Nilimwangalia tonge kwa tonge. Nilikuwa nimemkosa."